Kilo za Rodney

Barua kutoka chuo cha Marekani ilikuwa na sharti moja tu lililomkosesha Mwaura raha. Rodney angepewa nafasi katika timu na kulipiwa masomo, lakini kocha alitaka kwanza kumwona kwenye video, amesimama juu ya mizani, akiwa na kilo themanini na mbili ifikapo Ijumaa ya mwisho ya Mei. Siku barua ilipofika, Rodney alikuwa na kilo sabini na sita. Urefu wake ulikuwa futi tano na inchi nane, na hapo hakuna aliyetegemea muujiza.

Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi, wachezaji wakivaa kofia ngumu. Rodney alijifunza kuucheza hapa hapa Doha, katika klabu ya watoto wa wageni. Alikuwa beki wa mwisho kabisa, na kazi yake ilikuwa kumwangusha yeyote aliyewaponyoka wenzake wote. Mbio alikuwa nazo, na akiruka unaweza kudhani ana springi miguuni. Mwili tu ndio uliokuwa umebaki nyuma. Laban, dereva wa teksi waliyesali naye, alisema kijana huyo akigeuka upande haonekani.

Mama yake, Kerubo, alikuwa muuguzi, na zamu zake hazikumpa nafasi ya kumfuata mtoto viwanjani. Ndipo akamwomba Mwaura. Mwaura aliendesha basi la shule, lakini ujanani alicheza raga Nakuru mpaka goti likakataa. Alikuwa pia ndiye kiongozi wa maombi katika ushirika wao mdogo, uliokutana kila Ijumaa sebuleni kwa Kerubo huko Al Mansoura. Alikubali kabla mama hajamaliza kueleza.

Akishamaliza kuwarudisha wanafunzi nyumbani, Mwaura alimchukua Rodney hadi ufukweni Al Wakrah, wakafanya mazoezi mchangani jua likianza kupoa. Alimfundisha kumkaba mtu na kumwangusha kama watu wa raga: bega kwenye paja, kichwa nyuma ya makalio ya unayemkaba na kamwe si mbele, mikono ifunge, miguu isisimame.

"Mrefu lazima ainame ndiyo afike pajani," alimwambia. "Wewe umeshafika."

Rodney alilipenda hilo. Alirudia kukaba hadi mchanga ukamwingia masikioni. Mwaura alimrekodi kwa simu, na kila Jumatatu Rodney alimtumia kocha video pamoja na uzito wake wa wiki hiyo. Kuhusu chakula, amri ilikuwa kula mara tano kwa siku: mayai sita asubuhi, maharage, chapati, maziwa, njugu mfukoni. Mwanzoni mwa Mei mizani ilisoma sabini na tisa, na Kerubo alicheka peke yake jikoni.

Sasa, ushirika ule ulikuwa na desturi yake. Mtu akiwa na mtihani, au viza imekwama, au mkataba unakaribia kwisha, wote walimfungia. Walikaa bila kula kuanzia asubuhi hadi jioni, wiki tatu, wakimtaja mbele za Mungu saa ya chakula cha mchana. Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza ya Mei, Mwaura alisimama kama alivyosimama miaka yote na kutangaza mfungo kwa ajili ya Rodney. Watu wakaitikia amina. Hakuna aliyeona shida yoyote, na Mwaura mwenyewe ndiye aliyeona kidogo kuliko wote.

Wiki iliyofuata mizani ikasoma sabini na nane. Siku nne baadaye, sabini na saba. Mchangani Rodney alikuwa akishika magoti kabla ya nusu saa kwisha. Mwaura alimuuliza kama kuna msichana, kama anakesha na simu, kama anajaza tumbo soda na vibanzi. Rodney alikana yote kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi Mwaura zaidi. Kerubo naye aliapa kwamba sufuria anaziacha zimejaa na kuzikuta tupu.

Alhamisi Mwaura alifika mapema kumchukua. Pale chini ya jengo alimkuta askari wa mlango, Mnepali mmoja mwenye adabu, amekaa na hotpoti ya buluu ya Kerubo mapajani. Ndani kulikuwa na maharage na chapati tatu. Askari alisimama haraka, akashukuru kwa Kiingereza chake kidogo, akasema kijana wa juu ana moyo mzuri sana, kila siku analeta.

Mwaura alipanda ghorofani, akamleta Rodney hadi kwenye basi tupu, akafunga mlango.

"Umeanza lini?"

"Tangu mfungo uanze." Rodney alikuwa akitazama mikono yake. "Anko, Auntie Winfred anashinda jikoni akipikia familia nzima ya watu, na yeye hali chakula. Ananifungia mimi. Sasa mimi nikae hapa nimeze mayai sita?"

Winfred, mwenzao wa ushirika, alikuwa mfanyakazi katika nyumba ya watu, na katika wiki nzima Ijumaa tu ndiyo ilikuwa yake. Mwaura alimwona akilini ameinama juu ya sufuria ya wali na kondoo, mvuke ukimpiga usoni. Alipomwambia Rodney aanze kula leo hii, kijana alitikisa kichwa. Alikuwa amemwahidi Mungu hadi Ijumaa ya mwisho, na Mwaura mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba ahadi ya namna hiyo haivunjwi.

Mwaura aliinamisha kichwa juu ya usukani akaomba. Hakusikia jibu, ila aibu ilimwingia polepole. Kijana hakuwa amekosea popote. Alikuwa ametii maagizo mawili, na yote mawili yalikuwa ya Mwaura.

Kesho yake, ushirika ulipokusanyika, hakufungua kwa wimbo. Alisimama akasema amekosa. "Nilimwambia mtoto ale mara tano. Kisha nikawaambia nyinyi msile kwa ajili yake. Amefunga pamoja nasi, na kilo zinakwisha."

Laban alikohoa. "Ndugu Mwaura, umeingiza gia ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Gari lazima lilie."

Watu walicheka, hata Kerubo aliyekuwa akijifuta macho. Winfred hakucheka. Aliinuka, akakaa karibu na Rodney, akamshika kifundo cha mkono kama anayempima.

"Mwanangu, mimi nimeacha kula ili wewe upate," alisema. "Ukiacha na wewe, njaa yangu imekwenda wapi?"

Winfred aliomba kwa sauti ndogo, akamwambia Mungu kwamba waliofunga kwa ajili ya mtoto huyu wanamfungua, na kama kuna deni la ahadi aliandike kwa jina lake yeye Winfred. Kisha akamwomba Kerubo chapati. Alimega, akala kipande mwenyewe mbele ya watu wote, akampa kingine. Rodney alikula akilia, na hakuna aliyemtazama sana.

Zilibaki wiki mbili. Alikula kama mtu aliyetumwa. Ijumaa ya mwisho Laban alishauri anywe lita mbili za maji kabla ya kupanda kwenye mizani, na ukweli ni kwamba Mwaura alikuwa ameshanunua chupa hizo. Alizitazama, akamtazama kijana, akazisukuma chini ya kiti kwa mguu. Rodney alipanda. Themanini na nusu. Kerubo alirekodi namba hiyo, wakaituma hivyo hivyo.

Kocha alipiga simu Jumanne. Alitaka kujua kwa nini uzito ulishuka katikati ya mwezi, na Rodney akamweleza yote. Kocha akasema ameziona video za kukaba, na beki anayekaba chini namna ile anamhitaji. Aje Agosti. Ila mwaka wa kwanza hatacheza mechi hata moja. Atabeba vyuma na kujenga mwili, kisha watazungumza.

"Mwaka mzima nje ya uwanja, anko," Rodney alisema simu ilipokatika.

"Mwaka mzima ndani ya timu," Mwaura alijibu.

Rodney alimtumia Winfred ujumbe kwamba amepata. Alijua hawezi kushika simu akiwa kazini. Jibu liliingia jioni, alipokwisha kuosha vyombo vya watu.

"Asante Yesu. Umekula?"