Ngozi ya Sankale

Tangu Sankale aanze kutoka ngozi, mama yake hakuonja tena kitu kilichopikwa na Waithera, mke wa Sankale. Alitoka Ewuaso Kedong akafikia kwa binti yake Rachel hapo Kitengela, na kila asubuhi alikuja na chai yake, akakaa kando ya kitanda cha mwanawe, macho kwa mikono ya mkaza mwana. Kwanza yalikuwa macho mekundu na vidonda vya mdomo. Siku ya tatu ngozi ya kifua ilitoka ikiguswa tu, kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Umempea nini mtoto wangu?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yeyo, kile nakula ndicho anakula," Waithera akajibu, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Na mbona wewe uko mzima?"

Waithera alishasikia mpango: Rachel amepata gari, Sankale apelekwe hospitali Kajiado, na likirudi yeye arudishwe kwao, kwa baba yake Njogu. Hakuna aliyemwambia aingie garini. Aliingia tu.

Hospitalini, Daktari Maryanne aliuliza mgonjwa amekunywa dawa gani mwezi huo. Wote wakamgeukia Waithera. Akasema yeye hajampea dawa. Kisha akakumbuka kwamba wiki mbili nyuma Sankale alienda kusalimia kwa mama, tumbo likamwendesha siku kadhaa, akarudi akijisifu amepona.

"Yeyo," alisema polepole, "lile tumbo lilipona na nini?"

Mama alitengeneza shuka yake. Ni dawa ya ndama, akasema mwishowe. Tembe moja kubwa. Alimkatia vipande kwa kisu, siku tano. Marehemu mzee alipona nayo kila mara.

Daktari hakugomba. Alieleza kwamba kuna watu wachache sana ambao mwili wao hukataa dawa za aina hiyo, ukajishambulia wenyewe, macho, mdomo na ngozi. Ugonjwa huo unaitwa Stevens-Johnson. Si sumu, na hauambukizi. Sankale angetunzwa kama mtu aliyeungua moto, na akipona, asiiguse dawa hiyo tena maisha yake yote.

Rachel akauliza kama bado watapitia kwa kina Njogu.

"Wewe rudi na gari," mama akamwambia. "Huyu anabaki na bwanake."

Kisha akasogea kwenye benchi, bila kumwangalia Waithera. Hakusogea sana, nafasi ilitosha mtu mwembamba. Waithera akakaa.