Mavuno ya Wafadhili

Nyandeng aliziba pua kwa ncha ya kitenge. Kreti ya samaki iliyoshushwa kwenye gari la Lodwar ilikuwa inavunda, na Lionel, afisa wa mradi, alitaka imwagwe ndani ya bwawa. Bwawa hilo Nyandeng na wenzake walilichimba wenyewe hapa kambini Kakuma, wakapanda vifaranga vya tilapia, wakavilea kwa makombo ya ugali tangu chakula cha samaki cha mradi kilipokatika. Bado vilikuwa vya urefu wa kidole. Vikikua, watoto wangekula. Vikifa, basi tena.

"Wafadhili wanakuja kuona mavuno," Lionel alisema. "Punguzeni maji, samaki waonekane."

"Na jua hii? Maji ikipungua, hizi ndogo itakufa."

"Mama, usiniharibie siku."

Maji yakafunguliwa mpaka yakabaki ya magotini, kreti ikamwagwa. Nyandeng akatema mate. Mtu huyu hana haya wala hana soni.

Wageni wakafika, wakamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok!", yeye mkimbizi Mdinka wa Bor, naye akaitikia tu, ya nini kubishana. Wakavaa mabuti, wakaingia, wakavuta wavu kwa vicheko huku wakikanyaga ovyo. Mama mmoja wa Kizungu akainua tilapia mnene mbele ya kamera. Tumbo lilikuwa limepasuliwa kutoka shingoni hadi mkiani, halina hata utumbo.

Lionel akamkazia macho dereva wake, Ekuru, mtoto wa wafugaji wa Kaikor ambaye hajawahi kutia samaki kinywani.

"Nilimwambia mama wa soko atoe matumbo," Ekuru akanong'ona. "Kwetu mtu hanunui nyama na mavi yake."

Siku nyingine Nyandeng angecheka mpaka ashike mbavu. Leo hakucheka. Akamsogelea mgeni.

"Mama, hii si yetu. Yetu iko chini ya mguu yako. Toka kwa maji, tafadhali."

Mgeni akamtazama Lionel, amfasirie. Lionel akafasiri, meno yote nje: anasema wanawake wa hapa wana bidii, hata samaki huwasafisha mapema. Kiingereza cha Nyandeng kilikuwa haba, lakini hicho alikielewa. Akafungua kinywa kukana, makofi yakamzima, na mgeni akamkumbatia kwa mikono inayonuka uvundo.

Wageni walipokuwa wanapanda magari, vifaranga vilianza kuelea matumbo juu, kimoja kimoja, kisha kwa mafungu. Nyandeng akachukua ndoo, avizoe.

"Hapana, usiviguse!" Lionel akaja mbio, simu mkononi. "Mwezi ujao tunaandika ombi la dharura. Kaa hapo kando yavyo, nikupige picha."

Nyandeng hakutaka kukaa. Akainama na ndoo yake, akateleza, akajikuta chini kwenye tope, machozi yanamtiririka.

"Safi kabisa, mama," Lionel akasema. "Hivyo hivyo."