Paka Kumi na Wawili wa Mama Libérata

Juu ya Kashuga, kwenye kilima ambacho ukungu hushuka alfajiri ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga, aliishi mama mmoja jina lake Libérata. Mumewe, Makuza, alikuwa mfugaji. Jua likichomoza yeye alikwisha kukamua, na Libérata alibeba bidoni ya maziwa kuteremka nayo sokoni. Lakini si maziwa yaliyolitembeza jina lake. Ilikuwa sindano. Kuanzia Ngungu mpaka Kashuga, nyumba iliyotaka kupokea wageni kwa heshima ilitandika mezani nape ya Mama Libérata, kitambaa cheupe kilichodariziwa mawaridi, vikombe vinavyofuka mvuke, na njiwa wenye jani mdomoni. Watu walisema mawaridi yake yanaita nyuki.

Mvua za Septemba zilipoanza, alipanda kilima Mama Adrienne Kahambu, mzaliwa wa Butembo, mwenye duka la vitambaa na sabuni pale senta. Alifika akihema, tope mpaka magotini. Binti yake Jeannette alikuwa ameposwa na mwalimu wa Buleusa aitwaye Valens, na harusi ingekuwa Desemba.

"Mama Libérata, minataka nape moja kubwa, ya meza ya bibi harusi," alisema, akimkabidhi kitambaa na kifurushi cha nyuzi. "Njiwa kumi na mbili mu pindo. Kumi na mbili, kama mitume. Batu ba Buleusa baone kama mutoto wangu hakutoka mu nyumba ya bure."

"Itapatikana, Mama Jeannette."

Libérata alijibu upesi kwa sababu alikuwa na siri. Tangu mwaka uliotangulia, ukungu wa kilima ulikuwa umemwingia machoni, na haukutoka hata jua likiwaka. Mwanzoni alidhani ni moshi wa jikoni. Kisha siku moja akausalimu mparachichi, akauuliza habari za watoto, akidhani ni jirani. Hakumwambia mtu, hata Makuza. Fundi wa sindano akishasema haoni, amebaki na nini? Uzi alikuwa akitungiwa na Myriam, mke wa mwanawe, aliyeingia nyumba ile mwaka uleule. Myriam naye alidhani anapewa kazi ndogondogo ili wazoeane.

Nyuzi za Adrienne zilikuwa zimefungwa katika karatasi iliyochanwa kutoka kitabu fulani kikuukuu. Libérata alipoikunjua ili aitupe, aliona madoa meusi yakimtazama. Akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaiweka karibu na pua. Madoa hayakukubali kuwa kitu.

"Myriam, njoo usome. Hii ni nini?"

Myriam alikuwa amemaliza sekondari, na Kifaransa hakikumpiga chenga. "Ni paka, Mama. Paka tupu. Huyu wa kwanza ni wa shaba. Banaandika kama ni batu ba Misri walimutengeneza, sasa inapita miaka elfu mbili. Iko na hereni."

"Paka iko na hereni?"

"Ya dhahabu, Mama. Huyu wa pili walimuchora Japani, amejikunja, mustari moja tu wa wino. Huyu iko ndani ya picha ya kanisa. Malaika anafika kwa Bikira Maria, na paka anakimbia na woga. Na huyu ni birika ya chai! Mukia wake njo hapo banashikiaka."

Libérata alicheka. "Juu ya nini batu ba inchi zote hizo walihangaika na paka?"

Myriam aligeuza karatasi. "Walieleza, Mama. Lakini hapo imepasuka."

Mchana ule, mvua ikinyesha taratibu juu ya mabati, Libérata alijinyoosha kwenye mkeka, usingizi ukamchukua. Aliota ukungu ukishuka kilimani, na ndani ya ukungu paka wakija mmoja nyuma ya mwingine, bila kishindo, kama ng'ombe wanaorudi zizini. Wa shaba aliongoza, hereni yake ikilia kama kengele ndogo. Hawakumtazama. Kila mmoja alipita chini ya kiganja chake, akainua mgongo, akamsugua, akaenda zake. Macho ya Libérata katika ndoto ile yalikuwa yamefumbwa, lakini aliwajua wote. Wa shaba alikuwa baridi kama maji ya kisima. Wa wino alikuwa bado mbichi. Wa birika, wa udongo, alikwaruza kidogo. Wengine aliwajua kwa joto lao tu, nao walitoka nchi ambazo hata Myriam asingeweza kuzisoma. Alipoamka, mkono wake ulikuwa bado umejipinda hewani, kama umekaa juu ya mgongo wa mtu asiyeonekana.

Kesho yake akaanza njiwa wa kwanza. Bawa la njiwa lina manyoya madogo madogo, na kila unyoya unataka jicho. Sindano ikapotea njia. Akafumua. Akaanza tena, akafumua. Mara ya tatu hasira zikamjaa, akafumba macho kabisa akaiacha mikono ifanye inavyotaka. Mikono ikarudi kwenye lile umbo la ndotoni: sikio, shingo, mgongo unaoshuka, mkia unaozunguka miguu. Uzi mmoja, bila kukatika. Alipopapasa kwa kidole, moyo wake ulilijua jambo lile kabla ya akili.

Jioni Myriam akaja kutunga uzi, akaitazama nape kwa muda mrefu.

"Mama," alisema polepole, "njiwa huyu iko na masharubu."

"Funga mudomo wako, mwanangu. Tunga uzi."

Basi Myriam akafunga mdomo, akatunga uzi. Siku zikaenda. Asubuhi maziwa, mchana sindano. Libérata alijiambia huyu mmoja tu, kisha narudia njiwa. Lakini kila alipofumba macho paka mwingine alikuwa anangoja zamu yake. Mwenye hereni alikaa wima kama padri. Wa pili alijikunja. Wa tatu alikimbia, na mbele yake Libérata akashona ubawa mmoja tu wa malaika. Mmoja alikuwa akinywa maziwa kutoka chombo cha mti, na huyo hakutoka katika karatasi yoyote. Alitoka zizini kwa Makuza. Mwishoni mwa Novemba pindo lilikuwa limejaa. Walikuwa kumi na wawili.

Adrienne alifika siku ya soko kuichukua kazi yake. Akaitandaza juu ya magoti. Akalifuata pindo kwa kidole, pembe mpaka pembe.

"Mama Libérata. Hawa ni paka."

"Njo vile."

"Paka! Mu ndoa ya mutoto wangu! Hujui batu banasema nini juu ya paka? Banasema ni mutumishi wa bachawi. Nitaingia na hii Buleusa namna gani?"

Libérata alikuwa ameandaa maneno mengi, kwamba uzi ulikuwa mbaya, kwamba njiwa wamekuwa wengi mno siku hizi. Akayaacha yote.

"Keti, Mama Jeannette. Minakuambia kitu sikuambia bwana yangu. Macho yangu inaisha. Wewe sasa nakuona kama gunia la unga limesimama mulangoni. Njiwa ananitoroka. Paka njo hanitoroki, juu namushika na vidole."

Adrienne alimsogelea, akapunga mkono mbele ya uso wake. Libérata hakupepesa.

"Tena," Libérata akaongeza, maana ukweli ukishafunguliwa mlango huingia na watoto wake, "wewe pia uko na paka mu duka. Ile sanamu ya dhahabu inapungia bakiliya mukono muchana kutwa."

"Ile inaleta baraka," Adrienne akajibu, kisha akajisikia alichosema. Uso wake ukakunjamana, si kwa hasira tena, wala si kwa kicheko. Siku za kushona nape nyingine hazikuwapo. Aliikunja ile, akaitia kwenye mfuko aliokuja nao, na mlangoni akageuka. "Utakuja Buleusa wewe mwenyewe. Wakiuliza, utajibu wewe."

Walikwenda kwa pikipiki mbili, Libérata nyuma ya dereva mmoja, Myriam nyuma ya mwingine. Makuza alibaki na ng'ombe, akiwa ameambiwa habari yote usiku wa kuamkia safari. Alimfunga mkewe shuka mabegani kwa mikono yake mwenyewe. Milima yenye malisho ilibaki nyuma, msitu ukafunga njia pande zote. Vizuizi viwili vya barabarani walivipita kwa salamu na subira. Kwa Libérata dunia yote ilikuwa kijani kibichi kilichoyeyuka, mara chenye harufu ya majani yaliyooza, mara harufu ya maji. Ilimjia hisia kwamba hawaendi popote, kwamba ni msitu unaotembea na wao wamesimama. Akashika shati la dereva, akamwomba Mungu ampe la kusema.

Siku ya harusi meza ilitandikwa chini ya turubai, na nape ikawekwa juu yake, kwa kuwa Jeannette mwenyewe ndiye aliyeitoa sandukuni kabla mama yake hajaamua. Kisha akaja Shangazi Uwamariya, aliyemlea Valens tangu alipobaki yatima, mwanamke ambaye hata wazee waliacha kusema akikohoa. Alifika mezani, akasimama.

"Hawa banyama ni nini?"

Mjomba mmoja wa Valens akanong'ona, lakini kunong'ona kwake kulifika mbali. "Nyau. Hii ni alama ya bachawi."

Ngoma ikanyamaza. Libérata akamshika Myriam kiwiko, akasimama.

"Ni miye nilibashona," alisema kuelekea pale sauti ilipotoka. "Mama ya bibi harusi aliomba njiwa. Lakini minapoteza macho, na hawa walikuja benyewe mu mikono yangu. Walipita inchi nyingi mbele ya kufika kwetu. Batu ba zamani waliwavika dhahabu, wakawachora mu makanisa, na miye sijui juu ya nini, karatasi ilipasuka. Kama kuko ubaya, ni ya miye. Musimuhesabie mutoto."

Shangazi Uwamariya aliinama, akaweka vidole juu ya paka wa kwanza, akavitembeza mpaka mkiani. Kisha wa pili. Alizunguka meza nzima hivyo, kwa hatua zake fupi, na watu wakamfuata kwa macho kana kwamba ibada imeanza upya.

"Baba yangu," alisema mwishowe, "alikuwa mutu wa kutengeneza kiti cha mwami, chifu wetu. Juu ya kiti kulikuwa ngozi ya chui, na miye mutoto nilikatazwa kuigusa. Nilikuwa nagusa kwa kuiba." Alinyanyuka. "Chui ni nani, kama siyo nyau mukubwa? Ule mukubwa anakaa na bami, mudogo anakaa na bamama, analinda mahindi. Nyumba bila nyau, panya njo anarithi." Kisha akakunja uso tena. "Ninaona nyau kumi na mbili. Lakini panya iko wapi?"

Kicheko kilipasuka kama mvua iliyochelewa. Valens alicheka mpaka akavua miwani. Jeannette alimshika Libérata mikono, akamwongoza mpaka kwenye kiti. Ni yule mjomba peke yake aliyekataa. Alikula amesimama karibu na nguzo, sahani mkononi, na hakuna aliyemlazimisha.

Adrienne alikuja kukaa kando ya Libérata akiwa na sahani ya samaki. Alichambua miiba yote, mmoja mmoja, kabla ya kumpa.

"Kuko baganga ba macho banafikaka mujini mwezi wa pili," alisema bila kumtazama. "Banatoa ile mutoto ya jicho. Nitakupeleka."

"Naogopa, Mama Jeannette."

"Ogopa tu. Nitakubeba kama gunia la unga."

Mvua ikazuia pikipiki siku tatu. Akina mama wa Buleusa wakaja, mmoja mmoja kwanza, baadaye kwa makundi, na vitambaa vyao vya mito na vya viti. Libérata aliwaketisha barazani akawaamuru wafumbe macho. Walicheka, walijichoma vidole, walishona mbuzi waliofanana na viatu. Binti mmoja alishona samaki mzuri ajabu, akakataa kufumbua macho mpaka kila mtu alipomgusa samaki huyo.

Februari Adrienne alitimiza neno. Jicho la kulia ndilo lililofanyiwa upasuaji kwanza, na Libérata alilala usiku mmoja na bandeji, akisikia magari yakipita nje kama mto. Asubuhi muuguzi akaifungua polepole. Kwanza ulikuwa weupe tu. Kisha weupe ukapasuka, zikatoka kingo za vitu: dirisha, kucha zake mwenyewe, mikunjo ya shuka. Na mbele yake amekaa msichana mwembamba mwenye mwanya katikati ya meno na alama ndogo ya kovu juu ya nyusi, anamtazama kwa wasiwasi, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Libérata alimtazama kwa muda mrefu. Miezi yote ile aliishi naye nyumba moja, akimjua kwa sauti na kwa harufu ya sabuni.

"Wewe njo Myriam?" akauliza.

"Ni miye, Mama."

"Kumbe uko na mwanya," alisema Libérata, na machozi yakaanza kumtoka, ingawa muuguzi alikuwa amemkataza kulia. "Hakuna mutu aliniambia."