Mwaka Tulipofunika Madirisha

Kitendawili! Mbona kimya? Haya, hata usiposema tega, mimi natega: mgeni wangu hana miguu, hapigi hodi, hupitia dirishani, akishaingia, mmoja wetu analia na wengine wote tunacheka. Nani huyo?

Usijisumbue kwenda mbali. Ni vumbi la maua. Siku hizi mjukuu wangu ananisahihisha: "Bibi, hiyo inaitwa chavua, na ugonjwa wenyewe ni mzio." Sawa. Sisi pale kwenye karakana ya kushonea sare tulimwita mgeni, na aliyempokea kwa machozi alikuwa wifi yangu.

Wifi ni dada wa mume wangu. Ndiye aliyenitafutia ile kazi, akaniombea cherehani iliyo karibu na yake, chini ya dirisha lililotazama uwanja wa nyasi. Mimi nilitia kola, yeye alitia mikono. Shati lilitoka kwangu likaenda kwake bado lina joto la vidole vyangu, na maneno nayo yalipita humohumo.

"Kaka yangu siku aliyokuona alikuwa na homa," alizoea kusema.

"Na mpaka leo haijashuka," nilimjibu.

Tulicheka hivyo mpaka Mama Mkasi, msimamizi wetu, akohoe mlangoni. Jina hilo tulimpa kwa sababu mkasi ulining'inia shingoni mwake asubuhi mpaka jioni, na nadhani hata akilala.

Kila mwaka, mvua zikishakatika, zile nyasi zilitoa maua madogo kama unga, na upepo ukayaleta ndani. Hapo wifi alianza. Chafya zake hazikuja mojamoja. Zilitoka kama kuku waliofunguliwa bandani. Macho yalivimba, machozi yakamdondokea kwenye mashati ya watu.

"Jamani, nani kafa?" mtu wa mstari wa nyuma aliuliza.

"Mumeo. Kimbia kamwangalie," wifi alimjibu.

Watu hoi.

Kicheko kilikatika siku alipopiga chafya mguu ukiwa kwenye pedali. Sindano ilipita kwenye ukucha wa kidole chake cha mkono ikatokea upande wa pili. Mama Mkasi mwenyewe alilizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, na sindano ilipochomoka alisema hataki kuona tena damu ya mfanyakazi wake kwa ajili ya majani.

Hayakuwa maneno ya kupoza tu. Mwaka uliofuata, hata kabla upepo haujageuka, alitukusanya. Madirisha yote ya upande wa uwanja tuliyafunika kwa karatasi za kaki, zile tulizochorea patani za kukatia mashati, tukazibandika gundi kila pembe. Ufagio mkavu ukapigwa marufuku. Sakafu ikawa inapitishwa kitambaa chenye maji. Wifi akahamishwa kutoka dirishani, akawekwa katikati ya chumba, mbali na mimi, na alipotaka kwenda kunawa uso alikwenda, hakuna wa kumuuliza. Humo ndani kulikuwa na joto la tanuri. Hakuna aliyenung'unika. Tulijiona watu wema, na kwa kweli tulikuwa watu wema. Hilo ndilo linaloniuma.

Maana wifi alilia mwaka ule kuliko miaka yote.

"Lakini chafya zimekwisha," tuliambiana. "Karatasi zinafanya kazi. Yamebaki macho tu."

Mama Mkasi hakuridhika. Akaona amshonee leso na barakoa, ila mabaki ya sare yalikuwa magumu, yangemchubua pua. Akapekuapekua, na katika droo ya ile cherehani ya dirishani, aliyoiacha wifi, akakuta kipande cha pamba laini, cheupe, chenye vidoti vya manjano, kimekunjwa vizuri. Akadhani ni masalio ya kazi. Alikikata palepale kwa mkasi wa shingoni, akashona, akampelekea mbele yetu sote. Tukapiga makofi.

Wifi alivishika vile vitu, akavitazama kwa muda mrefu. Nikamsogelea.

"Wifi, hiki kitambaa ulikiwekea nini?"

Aliinua macho, yale macho mekundu tuliyoyazoea. Kisha akajifunga barakoa, akavuta shati lililofuata, akaliingiza chini ya sindano.

"Ahsante, Mama Mkasi," alisema.

Hata msimu haujaisha akaacha kazi. Alisema mumewe amepata kibarua mji mwingine. Nilimbebea begi mpaka kituoni na nikamtupia utani mmoja kuhusu kaka yake, hakuurudisha. Nikasema moyoni, anaiwazia safari.

Siku ya kubandua karatasi, sote tulikuwa tumeshaanza kuvuta pumzi ya uhuru. Niliichana ya dirisha letu, ya kwanza kabisa, mwanga ukanipiga usoni, nikatazama nje.

Nyasi zilikuwa fupi, kavu, rangi ya kamba kuukuu. Mvua mwaka ule zilikuwa zimetia huruma, na sote tulilijua hilo, maana tulinunua maji mitaani kwetu. Lakini hakuna aliyekumbuka kwamba nyasi nazo zina kiu. Uwanja mzima haukuwa umetoa ua hata moja. Mgeni hakuja. Tulimfungia mlango mtu ambaye hakuanza hata safari.

Mama Mkasi alisimama nyuma yangu, karatasi mkononi.

"Sasa yule alikuwa akilia nini?"

Cherehani zilikuwa zimezimwa.

Miaka imepita, mingi kuliko meno niliyobaki nayo. Tulipigiana simu na wifi, tukaulizana presha, tukaulizana magoti. Wajukuu zangu ndio wajukuu zake. Yeye hakujaliwa mtoto. Kila mara swali langu lilifika kwenye ulimi likageuka kuwa salamu. Kaka yake alipofariki alikuja kuzika, na mumewe naye alipofariki nikamwambia aje tukae wote, nyumba ni kubwa na mimi ni mmoja.

Ndivyo tulivyokuwa jioni ile, wazee wawili sebuleni, yeye akinitungia uzi kwenye sindano kwa kuwa macho yangu hayaoni tena tundu, mjukuu alipoingia kutoka ofisini akipiga chafya.

"Hukai nyumbani kwanza?" nilimwambia. "Kazi gani hiyo isiyomwonea mtu huruma?"

"Wananionea huruma, Bibi. Bosi aliniita tangu mwezi uliopita, kabla msimu haujaanza. Akaniuliza, 'Unasumbuliwa na nini hasa, na ungependa tukusaidie vipi?' Siku za upepo nafanyia kazi nyumbani. Leo niliamua tu kwenda."

Wifi aliacha uzi.

"Wanakuuliza?"

"Eeh. Wanauliza kwanza."

Mjukuu akaenda kunawa uso. Tulisikia maji yakimwagika, yakakoma. Wifi alikuwa bado ameshika sindano hewani, uzi umepita nusu. Alinigeukia.

"Wifi, uliniuliza kile kitambaa nilikiwekea nini."

Niliiweka kando nguo niliyotaka kushona.

"Nilikinunua mimba ikiwa changa, kabla haijatoka. Kingetosha vishati viwili. Nilikuwa sijajua atakuwa wa kike au wa kiume, ndiyo maana nikachagua manjano."