Hewa ya Baba Adyero

Tangu barabara ya mtaani kwao Mbuya ilipochimbuliwa, Anena alikuwa na vita na vumbi. Mapafu ya mumewe Oryem, askari mstaafu, yalikuwa yamejaa makovu, na daktari alikwisha sema wazi kwamba hayatapona. Anena alisikia, ila akili yake ilishika neno moja tu alilotamka daktari akiwaaga: apate hewa safi.

Binti yao Adyero akawafungia kiyoyozi chumbani. Kila Jumamosi Anena alichomoa kichujio chake, akakiosha kwa maji na sabuni kidogo, akakianika kivulini hadi kikauke kabisa. Maji yalitoka matope matupu, naye akafarijika kwamba uchafu ule haukumwingia mumewe.

Lakini kikohozi hakikupungua. Akashuka mpaka sokoni Nakasero, akanunua kichujio kingine, kinene kama godoro la mtoto, ambacho muuzaji aliapa kinazuia hata moshi. Akakikata, akakishindilia ndani. Haukupita muda mashine ikaanza kudondosha maji ukutani, kisha ikawa inavuma tu bila kutoa hewa.

Ikabidi amwite fundi Kasereka, Mkongo wa Nateete. Alipoifungua akakuta barafu.

"Mama, hiki ni cha mashine kubwa. Hii yako haina nguvu ya kuvuta hewa ikapita hapa. Umeikaba, ndiyo maana imeganda."

"Basi nitafutie kilicho bora ambacho itakiweza."

Kasereka akamtupia jicho Oryem aliyeegemezwa mito, mabega yakipanda na kushuka. "Kile cha kwanza kinatosha, mama. Na ulikitunza vizuri. Hukukosea popote."

Anena alitamani angekuwa amekosea. Kosa lingerekebishika.

Fundi alipokwisha kurudisha kile cha kwanza na kuondoka, Oryem akasema kwa pumzi za vipandevipande, "Mama Adyero. Zima hiyo kitu. Fungua dirisha."

"Vumbi litaingia."

"Liingie. Nataka kusikia watu."

Anena akabisha, mpaka alipoona kwamba kubishana kunammalizia mumewe pumzi. Akazima. Akafungua. Zikaingia kelele za boda boda na vicheko vya majirani, na vumbi jekundu likatua juu ya shuka. Oryem akafumba macho, akasikiliza.

Anena akachukua kitambaa, akapangusa ukingo wa kitanda, akapangusa tena. Kisha akaacha.