Alama Kumi Kivukoni

Itangazwe kwa wote wenye macho, na kwa wale wachache wenye akili, kwamba Mahakama Kuu ya Kivuko cha Reli imeketi na mtukufu Hakimu yuko kitini. Kiti chenyewe kilikuwa ukuta wa bweni. Hakimu alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, kaptura imechanika nyuma, aliyetoroka zamu ya kudeki vyoo.

Kutoka pale juu aliona binadamu wakijidhalilisha. Geti la reli lilishushwa mapema, treni ikiwa bado nyuma ya kona, na hapo ndipo wapumbavu walipochangamka. Karani mwenye tai aliinama chini ya mti wa geti kama kuku anayeingia bandani, akatokea upande wa pili akijipangusa heshima. Dada mmoja alirudi katikati ya reli kuokota kiatu, maana miguu mtu huzaliwa nayo ya bure, ila kiatu kile alikinunua. Wenye pikipiki ndio walikuwa wafalme wao. Walizunguka ncha ya geti shingo zimenyooka, kana kwamba treni ingeziona sura zao ikaona haya.

Hakimu aliwapa alama. Alikuwa na vipande vya boksi la sabuni vilivyoandikwa namba kwa mkaa, na kila mvukaji alinyanyuliwa chake. Mbili kwa mjinga wa kawaida. Saba kwa anayevuka honi ikilia. Kumi, yaani mjinga kamili, ilikuwa haijapata mwenyewe, kwa sababu wa kuistahili angeipokelea kaburini.

Tatizo ni kwamba wavukaji hawakujua wanapimwa nini. Kila aliyewahi kukaa darasani anajua alama kubwa ni sifa. Basi wenye pikipiki wakaanza kupunguza mwendo wakishavuka, wageuke kutazama ukutani. Wa sita alipigiwa makofi kijiweni. Wa mbili alichekwa, na kesho yake akavuka treni ikiwa karibu zaidi. Hodari wao aliitwa Chuma, kijana wa miwani ya jua hata mawingu yakitanda, naye alikuwa amekwama kwenye tisa na inamuuma.

Hakimu aliyaona yote hayo, akacheka mpaka akashikilia ukuta asianguke. Mlinzi wa geti, mwanamke mwenye bendera nyekundu na magoti mabovu ambaye wanafunzi wote walimwita shangazi, alimfuata pale ukutani na kumsihi aache. Hakimu akamjibu kwa upole wa kimahakama kwamba yeye hamsukumi mtu relini; anapima tu.

"Mwanangu," shangazi akasema, "mjinga ukimpa namba anadhani ni cheo."

"Basi ajivunie, shangazi. Mimi simkatazi."

Ikaja Jumapili ya wazazi kuwatembelea watoto wao. Hakimu alipanda ukutani mapema, kwani siku hiyo barabara hujaa wageni, na wageni huongeza utamu. Geti likashuka. Treni ya mizigo ikapiga honi kwenye kona, magari yakasimama. Ng'ambo ya reli, Chuma akachomoka pembeni ya foleni, amepakia mwanamke aliyekumbatia kikapu, kichwani kitambaa cha kijani chenye alama ya kuungua kwa pasi.

Alama ile ya pasi Hakimu aliijua. Aliichoma yeye mwenyewe likizo iliyopita, kwenye kitambaa cha mama yake.

Akasimama wima, akapunga mikono yote miwili kuwazuia. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika ile kumi aliyokuwa akiichezea, na Chuma akaiona. Hatimaye! Akaongeza mafuta.

Pikipiki ikaruka reli ya kwanza, ikayumba kwenye ya pili. Treni ikaichapa taa ya nyuma na kukichukua kikapu, na wawili hao wakabiringika hadi mtaroni, chini ya ukuta wa bweni.

Chuma ndiye aliyeinuka kwanza, kiwiko kimechunika, anatabasamu. "Umeona, Hakimu? Usiniibie, ni kumi."

Mama akakaa kitako mtaroni. Akakifunga upya kitambaa chake. Akauliza ni hakimu gani huyo. Shangazi wa geti alikuwa amefika akihema. Alitazama ukutani, na mama akatazama huko huko.

Mwanawe alikuwa bado amekishika kile kipande cha boksi.

"Wewe ndiye unayewapa hizo namba?"

"Ndiyo, mama."

"Za nini?"

"Za ujinga. Kumi ni mjinga kamili."

Tabasamu la Chuma likafa. Akavua miwani. "Sisi tulijua ni sifa, bwana mdogo."

"Nilijua mnadhani hivyo," Hakimu akasema, na sauti yake haikuwa tena na mahakama ndani yake. "Nilijua tangu mwanzo mnazifukuzia. Sikuwaambia kwa sababu ilikuwa inanichekesha."