Ghala la Ufuta

"Njoo! Njoo uone kabla sijapiga chafya nikazipeperusha!"

Aliyeniita alikuwa wifi yangu, mtaalamu wa mbegu za kale. Nilikurupuka mikono ikichuruzika tope, nusura nipindue ndoo.

Kwa miaka nilikuwa nikichunguza jimbo moja la pembezoni mwa himaya ya kale. Kumbukumbu za watoza kodi zilionyesha ngano ikipungua mwaka hadi mwaka, kisha ikakoma. Profesa wangu alishakata shauri: kodi iliwakamua wakulima, wakakimbia, mashamba yakageuka pori. Mimi nilikataa. Nilisema walibadili mazao tu.

"Ushahidi?" aliniuliza mbele ya jopo zima.

Nikanywea kama kuku aliyenyeshewa. Akanipa mpaka mwisho wa muhula. Nikishindwa, nitafute mada nyingine.

Ndipo nikamwangukia wifi. Alikuwa amehifadhi magunia ya udongo kutoka ghala la jimbo lile, lililoungua kizazi kizima baada ya huko kunakoitwa kukimbia. Tukawa tunauosha kwenye ndoo nyuma ya maabara. Udongo unazama, mbegu zilizoungua zinaelea. Tangu asubuhi tulikuwa tumeambulia vipande vya mkaa tu.

Niliinamia darubini. Vijipunje vyeusi, vimechongoka upande mmoja kama tone la maji.

"Ni nini?"

"Ufuta, wifi. Ufuta mtupu! Gunia hili, na lile, na lile!"

Watoza kodi wale hawakupokea ufuta. Aliyeulima aliulima auze. Na mle ghalani vilikuwa vimeokotwa vigae vya mitungi iliyofinyangwa ng'ambo ya mpaka, kwa wateja wao. Tulishikana mikono tukarukaruka kama watoto walioambiwa shule imefungwa.

Profesa alikuja, koti begani. Aliangalia, akafuta miwani, akaangalia tena.

"Kumbe walikuwepo," alisema. Kisha, polepole: "Nami nimefundisha vingine miaka yote hii. Kesho njoo wewe uwafundishe wanafunzi wangu."

Nyumbani mama alinifungulia mlango, akanikagua nilivyotapakaa tope.

"Tumewapata, mama!"

"Akina nani?"

"Wakulima."

"Kwani walikuwa wamepotea?"

"Wala. Walikuwa sokoni."

"Haya, nawa mikono," alisema. "Chakula kinapoa."